Ziwa likifungwa, maktaba ifunguliwe

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Vipe, boti zetu za kuvulia, vikavutwa nchi kavu, taa zikarudishwa ndani, chanja za dagaa za Katonga na Kibirizi zikabaki tupu. Juni ikaingia, shule nazo zikafunga. Huku Ujiji tukaona jambo tusilolizoea: baba, mama na mtoto wote wako nyumbani mchana kutwa, usiku nao wako, na hakuna hata mmoja mwenye ratiba.

Kijana wa jirani, mvuvi, alinipitia barazani. "Shikamoo, Bibi Mwalimu." Nikaitikia, nikamuuliza siku zinakwendaje. "Tunalala tu, Bibi. Ziwa wamelifunga, sijui sisi watatufungulia wapi." Alisema kwa mzaha. Mimi swali lake nimelichukua kwa uzito, na jibu langu ni hili: wafungulieni maktaba.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili muda wote wa utumishi wangu, na sasa nimestaafu, nasaidiana na mdogo wangu biashara ya dagaa. Kwa hiyo likizo ya Juni naijua kwa pande zote mbili, upande wa chaki na upande wa chanja.

Upande wa chaki, Juni ni mwezi wa kusahau. Mtoto wa darasa la pili anaondoka shuleni akiwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha silabi. Anasoma jina la duka, anasoma maandishi ubavuni mwa boti, anajisikia mkubwa. Nyumbani hakuna kitabu isipokuwa msahafu au Biblia, na daftari lake mwenyewe ambalo analijua kwa kichwa. Mwezi unapita bila jicho lake kutua kwenye ukurasa mpya. Julai mwalimu anamkuta amerudi kwenye a, e, i, o, u. Na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa ya mwanzo yamefurika kiasi kwamba mwalimu hana nafasi ya kumrudia mmoja mmoja. Anakwenda na waliokumbuka. Ndivyo mtoto anavyofika darasa la tano hajui kusoma, na wazazi wanaulizana alipotelea wapi. Alipotelea likizoni.

Upande wa chanja, ni hivi. Mama muuza dagaa ananunua alfajiri, anaanika, anageuza, anapima kwa ndoo, anakopesha mchuuzi anayepanda treni ya kwenda Tabora na Dar es Salaam, na hesabu zote hizo ziko kichwani mwake. Ziwa likiwa wazi hapati saa ya kushika kalamu. Likifungwa anapata muda, lakini muda huo anautumia kuutazama mtaji ukiliwa na chakula cha nyumbani. Mvuvi naye, ambaye kazi yake ni ya usiku, anajikuta na mchana na usiku mikononi. Vibanda umiza havikosi wateja msimu huo. Pool table nazo hazipumziki.

Sasa nikitazama huku na huku, ni taasisi gani ya umma ambayo kazi yake inahitaji watu wenye muda? Hospitali haiwataki watu wenye muda, inawataka wagonjwa. Ofisi ya mtaa inawataka wenye shida. Maktaba peke yake ndiyo inayomhitaji mtu ambaye hana haraka. Kwa hiyo kiangazi hiki chetu, Juni hadi Agosti, mvua zimekatika, Juni watoto wako nyumbani na vipe viko nchi kavu, ndicho msimu wa maktaba. Na maktaba ninazozisema ni zote, kuanzia ile ya mkoa hadi chumba chenye kabati la vitabu katika shule ya kata. Ziwe na ratiba ya shughuli za wananchi katika miezi hiyo, ratiba inayobandikwa mwaloni, inayotangazwa msikitini, kanisani na redioni kabla ya Mei kwisha.

Wapo watakaosema namtwika mkutubi mzigo usio wake. Ni wake, na sheria inasema hivyo. Nchi hii imekuwa na sheria ya huduma za maktaba tangu mwaka 1963, na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inafanya kazi kwa sheria ya mwaka 1975. Sheria hiyo haikuishia kwenye kununua, kupanga na kutunza vitabu. Imetaja kushiriki katika kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na imetaja kuamsha hamu ya wananchi kwa maandiko ya Kitanzania. Huwezi kuamsha hamu ya mtu ambaye hajawahi kupita mlangoni kwako. Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam alichagua tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru. Siku ile haikuchaguliwa kwa bahati mbaya. Taifa lilikuwa linaambiwa kwamba kusoma ni sehemu ya kujitawala.

Lakini ingia leo katika maktaba nyingi za mikoa yetu uangalie nani ameketi. Utawakuta kidato cha nne na cha sita, wanafunzi wa vyuo, na wazee wawili watatu waliofuata gazeti. Wengi wa wanafunzi hawakufuata kitabu cha maktaba. Wamekuja na madaftari yao kutafuta meza, umeme na utulivu. Sina ugomvi nao, wana mitihani. Ugomvi wangu ni kwamba tumekubali maktaba iwe chumba cha kujisomea na basi. Niliwahi kuwapeleka watoto wa mtaani kwangu katika maktaba moja, si lazima niitaje, wakafungua kitabu cha wanyama, wakaona tembo anaoga, wakacheka kama watoto wanavyocheka. Tuliambiwa tukae kimya au tutoke. Tukatoka. Hawajarudi tena, na mimi sikuwa na uso wa kuwashawishi.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi ya hapo. Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya jioni chini ya miembe na taa ya chemli ikining'inia tawini. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma; ilipofika 1986, waliobaki walihesabiwa kuwa kama asilimia 10. Na katikati hapo, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitoa kipindi, vikundi vya mtaani vilikaa kusikiliza na kusoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Kampeni ile ilikwenda kwa wiki 12. Hebu hesabu wiki za katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti: ni 13. Kilichotosha kuwafundisha watu milioni 2 kuchimba vyoo kinatosha kumrudisha mtoto wa Ujiji kwenye kitabu.

Basi nieleze ninachokitaka, mtu asije akasema Bibi Mwalimu amelalamika tu.

Asubuhi ya likizo iwe ya watoto. Mikeka itandikwe nje, kivulini, saa tatu hadi saa tano. Ndani waachiwe wenye mitihani na kimya chao. Nje pawe na sauti. Mtoto wa darasa la sita amsomee wa darasa la pili, kisha wabadilishane, mkubwa asikilize. Hapo katikati kitendawili kitegwe, hadithi isimuliwe, na anayejua hadithi ya Kiha aisimulie kwa Kiha, maana watoto wengi wa vijijini lugha yao ya kwanza ni hiyo na hawajawahi kuona inaheshimiwa penye vitabu. Kila mtoto awe na kadi, na kila kitabu alichokimaliza kigongwe muhuri. Uingereza wana mpango wa namna hii tangu mwaka 1999: likizo ya kiangazi mtoto wa miaka minne hadi 11 anakwenda maktaba ya mtaani kwao na kuahidi kusoma vitabu sita. Hawagawiwi hela wala chakula. Mtoto anasoma kwa ajili ya kadi na kwa ajili ya kumshinda mwenzake. Watoto wetu nao wanapenda muhuri, nawahakikishieni. Nimegonga mihuri mingi kwenye madaftari.

Vitabu vya Kiswahili vya umri huo vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 na umesaidia kuchapishwa kwa hadithi nyingi zenye picha za mazingira yetu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayotolewa kila tarehe 13 Aprili, nayo inaleta kazi mpya. Vitabu hivyo vikishachapwa vinahitaji mtoto wa kuvisoma hadi jalada lilegee. Kitabu kinachobaki kipya kabatini ni hasara kuliko kile kilichochanika mikononi mwa watoto.

Hapa Ujiji kuna jambo moja ambalo mpangaji wa kutoka mbali hatalijua. Watoto wetu wengi wanakwenda chuoni, kwa maalimu, na wengine wanakwenda mara mbili kwa siku. Ratiba ya maktaba isiyomshirikisha maalimu itakufa wiki ya kwanza. Mwendeeni mapema, kwa adabu, mkubaliane saa. Mimi sijawahi kumuona maalimu wa Ujiji anayechukia mtoto kusoma. Nimewaona wanaochukia kupuuzwa. Na wachungaji na mapadri wa Kigoma mjini wafuatwe vivyo hivyo.

Alasiri iwe ya kina mama. Saa kumi jua limepoa, mboga zimenunuliwa. Wasiitwe kwenye "semina" yenye bahasha na soda, maana bahasha ikikosekana siku ya pili hawaji. Waitiwe kitu wanachokihitaji. Kwa mfano, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ili kikundi kipate mkopo huo kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, kiwe na andiko la mradi. Hapo ndipo kina mama wa mwaloni wanapokwama. Wanajua dagaa kuliko afisa yeyote, lakini andiko wanamlipa mtu wa mjini awaandikie, naye anawaandikia wasichokielewa, na wakiulizwa mbele ya kamati wanababaika. Alasiri chache maktabani, na mwalimu mmoja, na mfano wa andiko mezani, zingewatosha kuandika wenyewe. Hapohapo wajifunze daftari la mauzo: nani amechukua ndoo ngapi, lini, amelipa kiasi gani. Wajifunze kusoma kwa makini ujumbe wa simu kabla ya kutuma hela, maana ule wizi wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewaliza wengi. Huko nako ni kusoma. Anayedhani kusoma ni riwaya tu hajawahi kuibiwa kwa ujumbe mfupi.

Jioni iwe ya wavuvi. Na somo la kwanza liwe lile linalowahusu: kwa nini ziwa limefungwa. Nimesikia kila aina ya maelezo barazani, mpaka kwamba samaki wamehifadhiwa kwa ajili ya wakubwa. Mtu aliyenyimwa maelezo hujitungia ya kwake. Elezeni basi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Rutuba inayolisha vijimea vya majini, ambavyo vinalisha vijidudu, ambavyo vinalisha dagaa, ambao wanaliwa na migebuka, imelala chini huko. Upepo wa kiangazi unaotoka kusini ndio unaoyasukuma na kuyachanganya maji, rutuba ikapanda. Maji ya juu yakiongezeka joto, kuchanganyika kunapungua, na chakula cha dagaa kinapungua. Watafiti waliyaandika hayo katika jarida la Nature mwaka 2003. Ongezea hapo nyavu zenye macho madogo na makokoro yanayokomba vifaranga ufukweni, utaona kwa nini nchi nne zinazolizunguka ziwa zimeona liachwe lipumue. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo hapahapa Kigoma. Mtafiti mmoja, ramani moja, jioni moja, na benchi zimejaa wavuvi wanaouliza maswali magumu. Nami nina hakika mtafiti ataondoka na mambo ambayo hakuja nayo, kwa sababu watu hawa wamelala juu ya maji yale miaka mingi.

Tena jioni hiyo isife Agosti ziwa likifunguliwa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka. Kila mwezi kuna siku ambazo mvuvi wa Kigoma yuko nchi kavu kwa sababu ya mwezi tu. Maktaba ya mji wa wavuvi ipange jioni zake kwa kuangalia mwezi. Ofisi zetu hupanga kwa kalenda ya mezani, kisha zinashangaa watu hawakuja.

Jumamosi iwe ya Ujiji yenyewe. Mji huu umeandikwa duniani kote. Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871, na mpaka leo wageni wanashuka kwenye ndege kuja kuangalia zile sanamu mbili zinazoamkiana kwa kofia. Sisi wenyeji tunazipita tukienda sokoni. Mwambie mtoto wa hapa kwamba yule mzee Livingstone, mwaka huohuo, akiwa Nyangwe ng'ambo ya ziwa, aliishiwa karatasi akaandika habari zake juu ya gazeti kuukuu, kwa wino aliotengenezewa kwa mmea wa huko. Mtoto anayejua shida ya daftari atalishika hilo haraka. Mwambie pia kwamba Tippu Tip, aliyepita na misafara yake katika nchi hizi za maziwa, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, na ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu. Mle ndani mna pembe, mna bunduki, mna watu waliofungwa minyororo. Tusiyafiche. Ujiji ilikuwa mwanzo wa njia ndefu ya watumwa na pembe iliyoishia Bagamoyo, na mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wazee wa hapa, Wamanyema, Waha, Wabwari, Wabembe, wana masimulizi ya upande wa pili, upande ambao haukuwa na gazeti la New York. Waalikwe Jumamosi, wakae kwenye viti vizuri, vijana wawarekodi kwa simu na kuandika. Kila mwaka tunazika maktaba kadhaa katika makaburi ya Ujiji, na hakuna aliyewahi kuazima hata ukurasa.

Hata Gombe, hifadhi ya sokwe jirani yetu, ipewe siku yake. Jane Goodall alifika pale tarehe 14 Julai 1960 akiwa msichana wa miaka 26, akaketi, akawatazama sokwe, akaandika alichokiona. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, dunia nzima ikamlilia. Wapo watoto wa Kibirizi wanaoziona boti za watalii zikiondoka kila asubuhi na hawajawahi kuambiwa zinafuata nini. Julai 14 shule zinakuwa zimeshafunguliwa, lakini jioni ipo. Wapeni madaftari, wakae ufukweni, wachague ndege mmoja wamtazame nusu saa na kuandika anachofanya. Sayansi ya Gombe ilianza hivyohivyo, kwa subira, darubini ya mkononi na kalamu.

Nimeuzungumzia mji. Mwambao je? Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na vijiji vingi vya upande wetu vinategemea maji kuliko barabara. Mtu wa Mwamgongo au Kagunga anakuja mjini kwa boti. Mtu wa Kalya vivyo hivyo. Watoto wa huko hawataifuata maktaba ya mkoa, basi maktaba iwafuate kwa njia ileile inayopeleka sukari na sabuni. Sanduku la bati lenye vitabu hamsini, likifungwa vizuri kwenye turubai, linapakiwa kwenye boti ya abiria Kibirizi. Linapokelewa na mwalimu wa zamu au mtendaji, linakaa mwezi, linabadilishwa na la kijiji jirani. Mambo haya yamefanyika penye ugumu kuliko kwetu. Kenya, tangu mwaka 1996, shirika la maktaba la taifa limepeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa kwa ngamia, wakibeba masanduku na hema la kusomea. Norway walikuwa na meli ya vitabu, Epos, iliyozunguka ghuba za magharibi mwa nchi yao kwa zaidi ya miaka 50, hadi mwaka 2020, ikishusha vitabu na wasanii wa kuwachezea watoto. Sisi meli tumeizoea. Liemba ilishushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa, na tangu 1927 ikawa ya abiria na mizigo. Mahali palipoopolewa meli nzima kutoka chini ya ziwa hapashindwi kupandisha sanduku kwenye boti.

Sasa pingamizi. La kwanza litakuwa pesa. Nakubali uhaba upo, lakini tazama nilichoorodhesha: mikeka, kadi, muhuri, taa ya jioni, nauli ya sanduku. Kinachogharimu ni mtu. Na watu wapo. Walimu wastaafu tumejaa mitaani, tunazeeka na maarifa yetu, na wengi tungekuja kwa nauli tu. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanarudi Kigoma likizo yao ndefu inapoanza Julai, na wanatafuta pa kujitolea wapate la kuandika kwenye wasifu. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi hiyohiyo ya maktaba, kinatoa vijana wanaohitaji mafunzo kwa vitendo; waleteni huku ziwani, wasibanane Dar es Salaam.

La pili litakuwa tuisheni. Wazazi watasema mwanangu ana masomo ya ziada. Sawa, aende. Lakini tuisheni ni ya mwenye hela na ni ya mtahiniwa. Ninayemsemea mimi ni yule wa darasa la pili ambaye hakuna anayemfungulia tuisheni kwa sababu mtihani wake uko mbali. Samaki mkunje angali mbichi. Akishakauka kwenye chanja utamvunja.

La tatu litakuwa lile la mzoefu wa ofisi: "Tukiwaachia watu, vitabu vitapotea." Vingine vitapotea, ndiyo. Mwaloni tunawakopesha wachuuzi dagaa, wachache wanatukimbia, na biashara haifungwi kwa sababu yao. Vitabu vichache vikipotea katika nyumba za Gungu na Kitongoni, vimepotelea mahali pazuri.

Naitaka Manispaa ya Kigoma Ujiji, Bodi ya Huduma za Maktaba, vikundi vya usimamizi wa mialo na viongozi wa dini wakae meza moja kabla ya Mei ijayo, wagawane saa za siku na wamtaje mtu wa kuzisimamia. Madiwani nawaomba waiweke shughuli hii kwenye bajeti mapema mwaka, hata kama ni kifungu kidogo, kwa sababu jambo lisilo na kifungu huwa halina mwenyewe. Nanyi wasomaji wa Ujiji, Mwanga, Kibirizi na Bangwe, mkiitwa kwenye mkutano wa mtaa, msiulize barabara na maji peke yake. Ulizeni ratiba ya maktaba ya kiangazi iko wapi, na msiondoke mpaka mjibiwe.